Kasri la Kilimani Lapata Mwenyewe

Vita vilipofunga mto, chumvi ya Kisangani ikawa inashuka kwa ndege. Clovis hakuwa na chumvi, wala baiskeli, wala kitanda: alilala kwenye mkeka wa shemeji aliyemhesabia kila tonge la kwanga. Mali yake ilikuwa mdomo. Basi alipomwona Papa Léopold, mwenye duka la chumvi kutoka Butembo, akilikodolea macho gofu la kilimani, barabara ya Banalia, mdomo ukaanza kumwasha.

Lilijengwa na mzungu wa kahawa aliyeota ufalme: mnara, matao, kuta nene za matofali ya kuchoma. Mzungu akaenda zake, paa likamfuata.

"Papa, ile kasri iko ya Waarabu. Ona matao! Ukuta munene vile, unazani unaficha nini? Pembe za tembo!"

"Na mwenyewe?"

"Iko mama mumoja, mujukuu wao."

Wakapatana: gunia la chumvi na baiskeli mpya. Clovis akajiona yuko Banalia, mfanyabiashara, shemeji amesahauliwa.

Mjukuu ilibidi atafutwe. Clovis akamwendea Mama Zaina, muuza vitumbua, ambaye babu zake walikuja kweli na misafara ya pembe.

"Kusema uongo kwa kopo moja ya chumvi, mutoto wangu?"

"Makopo mbili."

"Alors, nivae kitambaa gani?"

Papa Léopold hakununua hata mbuzi bila karatasi na mashahidi. Karatasi akaiandika Clovis, kwa Kifaransa cha kung'aa: Zaina, mwenye kasri; Clovis, mwonyesha njia. Mama Zaina akamlilia babu yake mpaka mashahidi wakapenga kamasi. Akaweka dole gumba, akakabidhiwa baiskeli na gunia juu yake.

Walipokata kona, Clovis akanyoosha mkono. "Bon, mama. Leta bintu yangu."

"Yako? Karatasi inasema yangu, na uliiandika muzuri sana. Kama iko uongo, turudi tumwambie Papa Léopold."

Akampimia makopo mawili, akasukuma baiskeli.

Kesho yake Clovis akapanda kilima, angalau amcheke tajiri anayechimba pembe. Akakuta msururu wa baiskeli ukishuka na matofali.

"Pembe umezipata, papa?"

"Pembe gani? Tangu vita simenti haifiki. Kwa gunia moja nimepata matofali ya kujenga depo nzima ya chumvi! Una mikono? Kopo moja kwa siku."

Clovis akashika nyundo. Kufika saa sita alikuwa anamnong'oneza mwenye baiskeli mmoja kwamba ngazi ya mnara haikuwemo kwenye yale mauzo, na kwamba mwenyewe yeye anamjua.