Mama Mkwe, Klachi na Skonzi

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimekuwa msomi. Mimi, mwalimu wa udereva ambaye hata magari huniamkia, nimenunua kitabu cha mtumba kinachoeleza jinsi binadamu anavyojifunza. Kila mtaalamu ana nadharia yake, na wote wanabishana kama wake wenza! Nimesoma nusu. Nusu inatosha. Kichwa changu si ghala.

Wa kwanza kufaidi: mama mkwe, mwoka mikate. Ijumaa ana mtihani wa leseni. Asipofaulu, ile kazi ya kupeleka mikate hospitalini anapewa mwingine. Shida ni moja: mkwe hakaripiwi. Akielekea mtaroni, naweza tu kusema samahani mama, naona kama kuna mtaro. Na Honi, yule mwenye chuo cha udereva ng'ambo ya barabara, ameshamnong'oneza ahamie kwake. Mkwe wangu kwa Honi! Uso nitauweka wapi?

Nilimweleza habari za klachi tangu sokoni hadi posta. Nilipotua kuvuta pumzi, akafungua mfuko wa karatasi akanipa skonzi ya moto. Mama ana upendo!

Jumanne, 5 Machi
Nadharia ya tuzo. Kitabuni kuna mbwa waliolishwa kila kengele ikilia, mwishowe wakisikia kengele tu, mate chururu. Wajinga wale! Basi nikabeba karanga: gia ikiingia vizuri, mama anapata karanga.

Ilifanya kazi kupita kiasi. Katikati ya mzunguko wa barabara aliingiza gia ya pili, akasimamisha gari, akakinga kiganja. Nyuma yetu malori yanapiga kelele. Honi, mikono kiunoni getini kwake, akauliza kwa sauti kama siku hizi nafundisha madereva au kasuku. Nikakosa la kusema. Mfuko ukachakarika: skonzi.

Jumatano, 6 Machi
Nadharia ya kuiga. Mtu hujifunza kwa kumtazama bingwa, na bingwa ndiye mimi. Nikaendesha, mama akitazama bila kupepesa.

Zamu yake akaiga kila kitu. Kiwiko dirishani. Honi ndefu mbele ya geti la Honi. Kigari cheupe kilipotuchelewesha, akatoa kichwa nje, yeye, mwanakwaya! akamwambia mwenye nacho aweke kando mkokoteni wake, watu wana safari. Maneno yangu yale yale. Nilijawa fahari hadi nilipomtambua mwenye kigari. Ndiye mtahini wa Ijumaa.

Nikawa kimya njia nzima. Skonzi mbili!

Alhamisi, 7 Machi
Nadharia ya kugundua. Mwalimu anyamaze, mwanafunzi ajijengee maarifa mwenyewe. Nikakunja mikono. Mama akagundua lundo la vumbi la mbao la fundi seremala. Akarudi nyuma, akaligundua tena.

Mke wangu, aliyekaa nyuma, uvumilivu ukamwisha. Akamwambia mama yake klachi ni mlango wa tanuri tu: ukiuachia ghafla, mkate unaungua na wewe unaungua; uachie taratibu huku ukisikiliza joto. Mama akasema kumbe ni hivyo tu, mbona huyu mwanangu alikuwa ananizungusha? Gari likateleza kama siagi.

Kitabu nacho kinasema jipya hukaa juu ya lile mtu analolijua. Nikafungua mdomo niwaeleze kwamba hiyo nadharia nilikuwa nayo mfukoni siku zote. Mdomo ukajaa skonzi.

Ijumaa, 8 Machi
Mtahini ni yuleyule wa mkokoteni! Akamtazama mama, akanitazama mimi, akaandika kitu. Nikaambiwa nisubiri nje. Nikaning'inia kwenye uzio nikipaza maelekezo: saitimira mama! Breki mama! Taratibu mama! Mama akatoa mkono dirishani, akatikisa mfuko wa karatasi. Sijui kwa nini, nikatulia.

AMEFAULU! Mtahini kasema ametukanwa na wengi barabarani, lakini huyu peke yake ndiye aliyewasha indiketa kwanza. Nililia. Mama naye alilia, akanikumbatia, akasema hospitali watakula mkate wake. Honi akaja kunipa mkono. Nikampa karanga.

Jumapili, 10 Machi
Chakula cha pongezi nyumbani. Mke wangu akaniuliza, Baba Pacha, hivi wiki hii nani hasa kafunzwa? Nikamjibu ni mama, nani mwingine! Akacheka hadi akashika ukuta. Mama akamfinya anyamaze. Wanawake wakifurahi wanakuwa watoto.

Nimeamua. Kufundisha madereva ni kazi ndogo kwangu. Nitafungua chuo cha kufundisha walimu wote wa mji huu, kwa nadharia yangu mwenyewe, ikikolea nitaipa jina. Nikasimama mezani niwatangazie. Ndiyo kwanza nimesema ndugu zangu, mama akautikisa ule mfuko wake. Mdomo ukajifunga wenyewe na mate yakanijaa hadi kidevuni.

Na mfuko ulikuwa mtupu! Kesho naenda kwa daktari wa meno.