Malalamiko Kuhusu Programu Yako ya Nota na Ukoo Wake Wote

Kwaya ya Tumaini Jipya,
Woolwich, London.

Ndugu Shemeji Godbless,

Salamu kutoka huku kwenye mvua. Sisi ni wazima, na dada yangu Vaileth ameniambia kwamba nawe huko Dodoma ni mzima, umenenepa na una ofisi yenye kiyoyozi. Nimefurahi. Mtu anayelalamikiwa ni vizuri awe na afya ya kusoma mpaka mwisho.

Kama ujuavyo, Mwalimu Zephaniah, aliyetufundisha kuimba tangu kwaya hii ianze, anarudi Same moja kwa moja. Jumapili ya mwisho wa mwezi tunamuaga. Kamati imeamua kwa siri kumwimbia ule wimbo aliomtungia marehemu mkewe, ambao tangu mazishi hajaruhusu uimbwe. Sauti ya kwanza wanaukumbuka, ya pili wanaukumbuka, ya nne wanaung'ang'ania. Sauti ya tatu hakuna aijuaye. Mwimbaji mwenzetu Norbert anadai anaikumbuka vizuri, lakini akifungua kinywa inatoka sauti ya pili, ila kwa chini.

Karatasi za nota hatuna. Ni wewe, ulipokuwa mwanafunzi hapa, uliyetushawishi kwamba karatasi zimepitwa na wakati. Ukaziingiza nota zote kwenye programu uliyoiandika mwenyewe, na karatasi zikaenda kwenye pipa la taka. Leo nota hizo zinasomwa na programu yako peke yake, nayo haikubali kuwaka kwenye kompyuta yoyote iliyotengenezwa baada ya wewe kuoa.

Kwa heshima zote, nawasilisha malalamiko yafuatayo:

1. Uliniambia kwa simu kwamba jambo ni dogo, nichukue tu msimbo wako wa asili, yaani yale maandishi uliyoiandikia programu, niijenge upya kwenye laptopu ya kwaya. Mimi ni karani wa kupanga miadi ya wagonjwa, lakini nilikuamini kwa sababu wewe ni mume wa dada yangu. Nikaandika amri uliyonitumia. Kompyuta ikajibu kwamba laibrari iitwayo libgum haipo. Bhavini, mwenzangu wa ofisini anayekaa Stanmore na ambaye baba yake alizaliwa Tanga, alinieleza tukila chakula cha mchana kwamba laibrari ni kazi iliyokwisha kuandikwa na mtu mwingine, ambayo mwandishi mvivu wa programu huiazima ili asijichoshe. Neno "mvivu" nimeliongeza mimi.

2. Libgum nikaitafuta, nikaipata, nikaiweka. Kompyuta ikasema hii ni mpya mno, programu ya shemeji yako inataka ile ya zamani. Miaka yote niliyokaa mji huu nimeambiwa vitu vyangu ni vya zamani: simu, koti, hata picha ya kwenye pasipoti. Sijawahi kukataliwa kwa kuwa na kitu kipya. Nakushukuru kwa kunipa uzoefu huo.

3. Libgum ya zamani haipatikani ikiwa tayari, nayo lazima ijengwe. Ili ijengwe inataka libpenz. Libpenz inataka libkora. Nilijiona kama mshenga anayepeleka posa: nikifika mlangoni naambiwa mjomba hayupo, bila mjomba hakuna kikao, na mjomba naye haketi mpaka shangazi aletwe. Tofauti ni kwamba ninyi mlipokuja kumposa Vaileth mlipewa chai.

4. Tovuti ya libpenz siku hizi inauza viatu vya michezo. Nilimwandikia mwenye tovuti kwa adabu, nikamweleza habari za kwaya, za Mwalimu na za marehemu mkewe. Akaniuliza navaa namba ngapi.

5. Libkora ninayo, Shemeji. Naiona kwa macho yangu mawili humo ndani ya kompyuta. Kompyuta inasema haipo. Bhavini akaeleza kwamba niliyo nayo ni ya kutumia, na inayotakiwa ni ya kujengea, ambayo ni hiyohiyo pamoja na maelezo yake, na watu wenye akili timamu waliamua kuvitenganisha. Niliyatafuta hayo maelezo nikayaweka. Sikutukana, maana nilikuwa ofisini.

6. Baada ya hayo yote libgum ikatangaza kwamba haiwezi kujengwa bila libpenz. Libpenz nayo ikatangaza kwamba haiwezi kujengwa bila libgum. Nilifunga laptopu nikaenda sokoni kununua ndizi, na mbele ya Dieumerci, yule Mkongo muuza ndizi, nikaangua kilio. Aliniongezea ndizi mbili bila kuuliza. Sikuililia libgum. Nilipofika London nilikuwa simjui mtu, na Mwalimu Zephaniah alinisimamisha mstari wa mbele akasema hapa ndipo pako. Sasa anaondoka, na mimi nashindwa kumfanyia jambo moja tu.

Kwa hiyo naomba hatua zichukuliwe. Kwanza, uombe radhi kwa maandishi, na barua yako isomwe kanisani pamoja na matangazo ya ndoa. Pili, mwandishi yeyote wa programu asiruhusiwe kuhama mji mpaka laibrari zake zote ziwe zimekaguliwa mbele ya mashahidi. Tatu, Vaileth akupikie kwa mtindo wako mwenyewe: akuwekee mezani sahani tupu na karatasi inayoeleza unga uko kwa nani, mboga ziko kwa nani, na kwamba chumvi ni lazima iwe ya zamani.

Nne, na hili nitalipeleka kwenye kamati kama azimio: kitu chochote kinachotegemea kingine kipigwe marufuku katika kwaya yetu. Kila mwimbaji ajifunze sauti zote nne na aziimbe peke yake, ili akiondoka mmoja pasiharibike kitu. Kinanda nacho kijipige. Nimelifikiria sana azimio hili na sijaona kasoro yake.

Wasalimie watoto, mama mkwe wa Vaileth, majirani, na huyo aliyekufungia kiyoyozi. Kwaya nzima inakusalimu, isipokuwa mimi.

Wako katika ujenzi usiokwisha,

Elinaja
Katibu wa Kwaya

N.B. Kabla sijaituma barua hii, Bhavini amegundua kwamba libgum inaweza kujengwa kwanza ikiwa nusu, ikafuata libpenz, kisha libgum ikajengwa tena nzima. Programu imewaka. Wimbo umefunguka. Sauti ya kwanza, ya pili na ya nne zote zipo, zimepangwa vizuri, hongera. Kwenye mstari wa sauti ya tatu hakuna hata nota moja toka mwanzo hadi mwisho. Umeandika tu: "Hapa ataimba Mwalimu." Kumbe siku zote ni yeye aliyekuwa akiiimba, amesimama mbele yetu na mgongo kwa waumini, sisi tukidhani anatuhesabia mapigo tu. Tumekwenda kwake kumweleza siri yote. Akauliza tu mazoezi ni saa ngapi. Madai yangu yote nimeyafuta, na azimio nimelichana. Nilimsihi atuandikie hiyo sauti kabla hajaondoka, akakataa. Amesema tukiutaka wimbo tena, tumfuate Same. Mwambie Vaileth atafute magodoro, tutapitia kwenu hata kama si njiani.