Vinara vya Jaji na Majivu ya Kogo

Laurel, Jumapili, 4 Mei 2025

Bila mimi, Kimutai, Wakenya wa Maryland wangekuwa ng'ombe wasio na kengele. Kuna seneta hunipungia mkono nikipita na gari. Labda alikuwa akiita teksi. Lakini alipunga!

Chelagat, binti wa marehemu kaka yangu, anaolewa Jumamosi. Nani atamshika mkono hadi madhabahuni? Hajasema. Ni mimi, baba yake mdogo, au Simiyu wa Manassas, mjomba wake, mwenye sauti ya lori linalopanda mlima. Haki ni yangu!

Leo nimempeleka Alexandria, nyumba ya jaji aliyefariki, vitu vyake vinauzwa. Akanunua vinara viwili vya mishumaa, vya kale, vya Kifaransa. Muuzaji akaeleza: shaba ilimiminwa kwenye kalibu ya mchanga, kisha fundi akachonga kila jani kwa patasi, hata mishipa yake. Dhahabu ikachanganywa na zebaki, ikapakwa, moto ukaifukuza zebaki. Sehemu nyingine zikasuguliwa kwa jiwe laini zing'ae, nyingine zikaachwa zimefifia kama jua nyuma ya ukungu. Nikamwambia babu yangu alitengeneza vya namna hiyo kule Kapsabet. Akaniangalia sana.

Chelagat kanikabidhi nivitunze, vitawaka madhabahuni Jumamosi. Nisiviguse, kasema, hata kwa kitambaa. Nadhani alimaanisha watu wa kawaida.

Jumanne, 6 Mei

Vinara viko mezani. Jua la jioni likaingia dirishani, majani ya shaba yakaanza kutikisika, naapa. Nikaona madhabahu, mishumaa, Chelagat kanishika mkono, watu wananong'ona huyu mheshimiwa ni nani. Kaka yangu naye alikuwepo, benchi la mbele, na lile koti lake la kijani. Nikakaa hivyo mpaka ugali ukaungua.

Simiyu akapiga simu. Ameahidi keki ya ghorofa na chemchemi ya juisi. Akauliza mimi naleta nini, au naleta tumbo tu. Tumbo!

Nikavitazama vinara upya. Vimefifia. Ule weusi kwenye mikunjo ni nini, kama si uchafu wa jaji? Kogo, nyanya yetu, hakuruhusu hata sufuria itoke hivyo mbele ya wageni. Wazo likanishukia.

Alhamisi, 8 Mei

Majivu ya nyama choma, kama Kogo alivyosugulia sufuria zake, maji kidogo, waya wa jikoni. Nikasugua kinara kimoja huku nikiimba. Mng'ao! Ile mishipa ya majani ilikuwa inanisumbua, ikaisha. Maji yakawa manjano. Nikasema, hata uchafu wa Wafaransa una rangi nzuri.

Chelagat akaja na Simiyu kuvichukua. Akaketi sakafuni. Akasema, Anko, hiyo ilikuwa dhahabu. Nikamwambia chini ya dhahabu kuna kitu bora zaidi. Simiyu akacheka hadi jirani akagonga ukuta.

Wakaondoka navyo bila kunywa chai. Kwangu! Bila chai! Jioni mezani hapakutikisika kitu.

Jumapili, 11 Mei

Ushindi! Chelagat alipiga simu juzi. Alikiweka kile kinara jikoni, akakinusa: majivu. Akakumbuka jiko la Kogo lile lile, na baba yake akigombezwa kwa kuunguza sufuria. Kasema alilia, kisha akacheka. Akaamua Simiyu akamate maikrofoni, mimi nimshike yeye mkono. Yaani kila kitu kilikwenda kama nilivyopanga.

Jana tukatembea polepole. Mishumaa iliwaka, kinara kimoja kama mbalamwezi, kingine kama kifuniko cha sufuria. Benchi la mbele lilikuwa na nafasi tupu. Nikaipungia kidogo.

Baada ya sherehe nilijitolea kuvirudisha vinara kabla mtu hajakataa. Viko hapa mezani. Lakini havifanani! Aibu kwa maharusi. Majivu bado yapo, waya mpya nimenunua. Wakirudi kutoka fungate, Chelagat atashangaa!

Jambo moja dogo. Yale maji ya majivu yaliharibu viatu vyangu vya heshima. Nilivyovaa jana vilikuwa vya Simiyu. Alivivua mwenyewe nje ya kanisa, akaingia na ndara, na mpaka leo hajamwambia mtu.