Bangili ya Mkurugenzi

Idara ya Uwepo ilitangaza kwa fahari kuwa utoro kazini umekwisha rasmi, Jumatatu, saa nne na robo asubuhi. Kila mtumishi alivishwa bangili inayosikiliza mapigo ya moyo na kunong'onezana, bila waya, na kisanduku kilicho chini ya meza yake. Ukisogea zaidi ya hatua kumi, mnong'ono unakatika, nawe unahesabiwa mtoro. Mara arobaini kwa wiki, kazi huna. Uamuzi wa kisanduku haukatiwi rufaa. Mkurugenzi alitia saini mwenyewe.

Mama Mafaili, karani kazini kwa miaka ishirini na miwili, alihesabu hatua kutoka mezani kwake hadi stoo ya mafaili. Zilikuwa thelathini na sita, na stoo nayo ilikuwa na kisanduku chake, cha kuandika bangili ya nani imeingia.

"Mheshimiwa, nikifuata faili nakuwa mtoro," alimwambia Mkurugenzi. "Nikikaa tu, ndiyo nafanya kazi?"

"Mama, usishindane na mitambo. Kaa."

"Na lile faili ulilotaka?"

"Lilete upesi."

Kufikia Jumatano jioni alikuwa ametoroka mara thelathini na moja. Aliogopa kwelikweli, maana kazi nyingine hakuwa nayo.

Alhamisi Mkurugenzi alipata safari ya kikazi ya siku mbili, shambani kwake. Bangili haikubali kuachwa kwenye droo, inataka moyo unaodunda. Akamvisha Mama Mafaili mkono wa pili.

"Meza yako iko mlangoni kwangu, kisanduku changu kitakusikia. Nishikie nafasi tu, mama."

Mkono usioweza kuukata, ubusu. Akavaa zote mbili. Siku hizo mbili Bodi ilikuwa inajiandaa kwa kikao, ikaagiza mafaili arobaini na matatu.

Jumatatu ripoti ikasomwa mbele ya Bodi. Mama Mafaili, mara sabini na nne. Mkurugenzi, mara arobaini na tatu, na kisanduku cha stoo kinathibitisha alikuwa huko.

Mkurugenzi alisimama. Shamba hakuweza kulitaja.

"Waheshimiwa," alisema, jasho likimtoka, "kufuata faili si utoro. Ndiyo kazi yenyewe."

Mama Mafaili aliitikia kwa kichwa. Bodi iliguswa sana. Ikafuta utoro wote wa stoo, ikampandisha Mama Mafaili kuwa mkuu wa masjala, na kwa kauli moja ikamhamishia Mkurugenzi hukohuko, kwa kuwa mapigo ya moyo wake yalionyesha anapapenda.

Kesho yake Mama Mafaili hakuinuka kitini.

"Faili la likizo, mwanangu," alimwambia Mkurugenzi wa zamani. "Lilete upesi."