Baiti Saba Tupu

Jumatatu, 4 Machi
Ijumaa hii Mkuu wetu wa kazi atachagua kiongozi wa kitengo chetu. Sisi ndio tunaoandika kiini cha mfumo wa kompyuta, upande wa kuhifadhi data kwenye diski. Tumebaki wawili: mimi na Taratibu, dada anayetafuna karanga juu ya kibodi. Chanda chema huvikwa pete. Mama mkwe nimeshamwambia nimepata cheo.

Nimepekua kazi ya Taratibu. Kila rekodi ina alama ya baiti moja, yaani kijisehemu kimoja cha data, kisha baiti saba tupu, ndipo namba kubwa ya baiti nane. Saba tupu! Mkono mtupu haulambwi, sembuse baiti. Nazifuta.

Jumanne, 5 Machi
Nimefuta. Namba sasa imegusana na alama. Rekodi imepungua karibu nusu, na kwenye kompyuta yangu mambo ni shwari. Taratibu kadai namba ya baiti nane lazima ianzie kwenye anwani, yaani namba ya mahali pake kwenye kumbukumbu, inayogawanyika kwa nane. Eti kompyuta yangu husamehe, ila vifaa vidogo vya wateja hugoma. Kauliza kama nimejaribu kwenye kifaa. Wivu tu.

Jumatano, 6 Machi
Taratibu kaniletea kifaa chenyewe mezani, na waya wake. Kizito kiasi. Nimekandamizia karatasi, feni isizipeperushe. Mchana nikafanya mazoezi ya hotuba ya ushindi chooni, mbele ya kioo. Mlinzi alikuwa ndani. Kapiga makofi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemwonyesha Mkuu rekodi iliyopungua. Kafurahi, kisha akataka kuona kazi yangu kwenye kifaa cha mteja. Nikakiondoa juu ya karatasi kwa mbwembwe. Kikawaka, kikafika kwenye kusoma diski, kikazima. Nikalaumu waya. Nikabadilisha waya, kikazima tena. Nikalaumu umeme. Taratibu akacheka hadi karanga zikampalia. Akaweka diski yake yenye baiti saba, kikawaka hadi mwisho. Mkuu akasema nafasi zile si uvivu, ndizo zinazoiweka namba mahali inaposhikika. Nilitamani ardhi inimeze. Kidogo tu.

Ijumaa, 8 Machi
Cheo kapewa Taratibu. Imeniuma, sitaficha. Agizo lake la kwanza: kila ninachoandika kipite kwanza kwenye kifaa kidogo. Anajua fika kitengo hakiendi bila mimi. Mama mkwe kapiga simu, anakuja kesho kutwa kunipongeza. Sikupata upenyo wa kumkatiza.

Jumamosi, 9 Machi
Nimefungua kabati la vyombo. Mke wangu huacha nafasi kati ya vikombe! Nimevibana vyote kwenye rafu moja, vikombe, vishikio vimenasana, na birika la kioo. Rafu mbili zimebaki wazi. Mke wangu kauliza kama nimejaribu kutoa kimoja. Nimemjibu hakuna haja, vimeingia.

Wivu umeshaingia hadi nyumbani. Mama mkwe akija kesho, kikombe cha chai nitamtolea mwenyewe, mbele ya wote.