Nzi wa Feri Wahamia Kariakoo

Jumatatu, 4 Juni 1973
Jumapili tunachagua mjumbe wa nyumba kumi. Wagombea wawili: mimi na Bakili, fundi viatu wa nyumba ya pili. Bakili hana mpango wowote. Anasalimia watu tu.

Mimi ninao. Redio kila jioni ni kampeni ya usafi ya Mtu ni Afya, na choo chetu kina nzi wa kijani, wanene. Leo Feri nimeuangalia mwani uliooza ufukweni. Umejaa nzi wadogo weusi, na wa kijani hata mmoja hayupo! Maana yake wadogo wamewafukuza. Wasomi wangapi wamepita pale wasione?

Jumanne, 5 Juni
Nimeleta gunia la mwani na nzi wake. Kondakta alikataa kunipandisha, nikatembea nalo kichwani hadi Kariakoo. Nimeumwaga mlangoni mwa choo. Severa, mke wangu, aliuliza kama hao nzi nimewalipia nauli. Nikamjibu kuwa mke wa mjumbe hasemi hivyo.

Ijumaa, 8 Juni
Wadogo wameongezeka ajabu. Wa kijani hawajaondoka, nadhani wanafungasha. Blandina, mpangaji mwenzetu, alilalamika kuwa ndani ya uji wake kuna kitu kinaogelea. Nikamweleza kuwa nzi wa bahari ni msafi, anaoga kila siku. Hakuridhika. Watu wengine ni wagumu kuelimika.

Jumamosi, 9 Juni
Bakili amekuja na koleo. Hakuniuliza. Wapangaji wote wakamfuata, wakachimba shimo, wakafukia mwani, wakamwaga majivu chooni na kukitengenezea mfuniko. Severa alibeba ndoo. Mtaa mzima unafanya kazi pamoja, kwa sababu yangu! Miaka sita tangu Azimio la Arusha, nani mwingine amewatoa ndani hawa? Nilisimama pembeni, machozi ya fahari yakinilengalenga.

Jumapili, 10 Juni
Kura yetu ni kupanga mstari nyuma ya unayemtaka. Mstari wa Bakili ulikata kona. Nyuma yangu hakusimama mtu. Severa alikuwa wa tatu kwa Bakili. Iliniuma, sifichi.

Jioni aliniwekea chai, akasema, "Baba Pius, nakupenda. Lakini na uji naupenda."

Sijui uji unahusikaje. Nimetafakari, na kosa si langu. Nzi walikosa msimamizi. Kule Feri juu ya mwani hutembea kaa wadogo, na bila shaka wao ndio wanaoongoza. Kesho nawafuata. Nitawamwaga mlangoni kwa mjumbe mpya, awe wa kwanza kufaidi.