Kaburi la Wendelin Krause

Ofisi ya Mji wa Niederwalden, Ujerumani, inayo furaha kuwatangazia wananchi kuzaliwa kwa Idara ya Wakrause Mashuhuri. Mimi ndiye Katibu wake, na ndiye idara nzima. Mji wetu una Wakrause, yaani watu wa jina la Krause, mia nne na kumi, akiwemo Meya, akiwemo muuza soseji, nikiwemo mimi, na ilikuwa fedheha kutojua yupi wa maana.

Faida yake si ndogo. Makaburini kwetu mtu hulala miaka ishirini na mitano tu, kisha jiwe lake hung'olewa kumpisha mwingine. Ila aliyeandikwa kwenye Daftari la Mashuhuri haguswi milele. Nafasi ilikuwa moja.

Jumatatu saa mbili kamili aliingia Bi Irmgard Krause, ajuza wa miaka themanini na tatu, kashika karatasi ya namba, ingawa foleni nzima ilikuwa yeye.

"Mume wangu Wendelin anang'olewa Ijumaa," alisema. "Mwandike, Bwana Katibu. Nikifa nataka nizikwe ubavuni mwake."

"Marehemu alifanya nini?"

"Miaka thelathini na moja aliondoa theluji barabarani, nyie mkiwa bado mnakoroma."

Meya Detlef Krause, aliyesimama mlangoni na kikombe cha kahawa, akacheka. "Theluji imeyeyuka, mama. Ushahidi uko wapi?"

Hoja ilikuwa nzito. Bibi alifuta machozi, nami nikamwelekeza pipa la kutupia ile karatasi: la bluu la karatasi, si la njano la plastiki.

"Niandike mimi," Meya akaniambia.

Nikamweleza kuwa fomu ina kisanduku cha tarehe ya kufariki, na kisanduku hakiachwi wazi.

"Weka ya leo, bwana, usinicheleweshe." Akatia sahihi. Nikagonga mhuri.

Jumatano kadi yake ikagoma kufungua mlango wa ofisi. Naibu wake, ambaye hakulia sana, alikuwa keshakalia kiti. Meya akanijia anahema.

"Katibu, mimi mzima!"

"Pole sana, marehemu. Chukua namba."

Kanuni iko wazi: aliyekufa kiofisi hufufuliwa na shahidi aliyezidi miaka themanini, aandike jambo moja alilomwona mhusika akilifanya hapa mjini. Kwa bahati Bi Irmgard alikuwa amerudi kuomba tena. Nikampa kalamu. Akafikiri. Akafikiri sana.

"Andika chochote, mama," Meya akasihi.

"Sikumbuki kitu, mwanangu. Daraja la kwenda shuleni uliahidi tu. Ushahidi uko wapi?"

Mkuki kwa nguruwe. Meya akainamisha kichwa. Bibi akamsogezea Daftari.

"Futa jina lako. Katibu amwandike Wendelin."

Akafuta. Nikamwandika Wendelin, nikagonga mhuri, na sioni haya kusema nilifurahi. Ndipo bibi akajaza fomu ya ufufuo, polepole: "Nimemwona akifuta jina lake."

Meya akarudi kazini siku hiyohiyo. Hadi leo, kwenye faili la aliyoyatenda, hilo liko peke yake.